Kufuma mto wa Mlima Kenya bila kuumiza mikono

WAGONJWA wanaoingia katika chumba changu cha matibabu kwa mara ya kwanza aghalabu hutazama kitu kimoja kabla ya kunitazama mimi. Juu ya kiti cha wageni pana mto uliofumwa kwa kroshia, na kwenye mto huo pana Mlima Kenya: mashamba chini, msitu, mianzi, nyika ya baridi, kisha vilele vya kijivu vyenye weupe kichwani. Wengine huuliza nimeununua wapi. Wengine huogopa kuuegemea wasije wakauchafua.

Mto huo sikuununua. Niliupewa na mama mmoja wa miaka 58 ambaye kwa muda mrefu alikuwa akifuma vitambaa vya makochi na kuviuza, na kwa kazi hiyo amesomesha watoto watatu. Alipokuja kwangu mara ya kwanza hakuja kwa sababu ya mikono. Alikuja kuomba dawa ya usingizi. Kila usiku, mnamo saa nane, aliamka mkono wa kulia ukiwa umekufa ganzi, akaukung'uta kando ya kitanda mpaka damu, kama alivyosema mwenyewe, irudi. Jirani alikuwa amemwambia kwamba hiyo ni presha. Dukani aliuziwa vidonge vya maumivu, na alikuwa amevimeza kwa miezi saba.

"Daktari, mimi nikilala tu nitapona," aliniambia.

Nilimwomba aweke viganja vyote viwili juu ya meza. Kwa kawaida, chini ya kidole gumba pana kilima cha nyama laini. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa nacho. Cha kulia kilikuwa kimelala tambarare, na pahali pengine hata kubonyea kidogo. Misuli ile ilikuwa imekondeana kwa kukosa amri ya mshipa wa fahamu. Hapo nilijua kwamba tumechelewa.

Alifanyiwa upasuaji mdogo, ganzi ikaondoka na usingizi ukarudi. Lakini nguvu za kidole gumba hazijarudi zote, na hadi leo akitaka kufungua kifuniko cha chupa ya jemu humwita mjukuu. Mto ule aliufuma miezi kadhaa baada ya upasuaji, na aliponieleza jinsi alivyoufuma nilitambua kwamba amegundua mwenyewe ushauri ambao mimi hutoa kila siku bila kusikizwa. Mlima una kanda, na kila ukanda una rangi yake. Yeye alifuma ukanda mmoja tu kwa siku. Rangi ikibadilika, sindano inawekwa kabatini.

Juma hili basi, msomaji, nitafanya jambo ambalo madaktari hatulifanyi mara kwa mara. Nitakufundisha kufuma mto huo. Na katika kila hatua nitakueleza mkono wako unapitia nini.

Kwanza, kazi hii ina faida

Sitaki mtu asome habari hizi kisha atupe sindano yake. Mnamo 2020, watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Australia walichapisha majibu ya watu zaidi ya 8,000 wanaofuma kwa kroshia katika nchi mbalimbali. Karibu watu 9 kati ya kila 10 walisema kwamba kufuma huwatuliza, na wengi wao wakasema huwafanya wawe na furaha zaidi. Ni kweli kwamba waliojibu ni wapenzi wa kazi hiyo; aliyeichukia hakuwapo kuulizwa. Lakini majibu hayo yanapatana na ninayoyaona kwa wagonjwa wangu. Mtu aliyefiwa, mtu aliyeacha sigara asiyejua aifanyie mikono yake nini, mzee aliyestaafu ambaye siku imekuwa ndefu kuliko alivyozoea: hawa huwaambia wajaribu kufuma, wanaume kwa wanawake. Mimi mwenyewe nilijifunza nikiwa na miaka zaidi ya 40, na mto wangu wa kwanza ulinichukua majuma matatu.

Yanayotendeka ndani ya mkono

Geuza kiganja chako kitazame juu, kisha uguse pale kiganja kinapokutana na mkono. Chini ya ngozi hiyo pana kijia chembamba. Sakafu yake na kuta zake ni vijifupa vya kifundo cha mkono, ambavyo jumla yake ni 8. Dari yake ni utando mgumu usiovutika. Ndani ya kijia hicho hupita kano 9 zinazokunja vidole pamoja na kidole gumba, na katikati ya msongamano huo hupita mshipa mmoja wa fahamu. Ni kama matatu iliyojaa pomoni: akiongezeka abiria mmoja, lazima mtu abanwe. Anayebanwa ni mshipa wa fahamu, kwa kuwa ndio laini kuliko wote.

Nani huongezeka? Kano zikisuguliwa mno huweza kuvimba. Kifundo kikikunjwa kwa muda mrefu, nafasi hupungua. Mwanamke mjamzito huhifadhi maji mwilini, na hayo pia huingia katika kijia hicho. Ndiyo sababu waja wazito wengi hulalamikia ganzi ya mikono, na wengi wao hupona baada ya kujifungua. Ugonjwa wa kisukari, upungufu wa kazi ya tezi la shingoni liitwalo thairoidi, baridi yabisi ya viungo na unene wa mwili pia humweka mtu katika hatari. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Kusema kweli, kufuma peke yake si lazima kulete ugonjwa huu. Wako wanaofuma miaka 50 bila tatizo lolote, na wako wasiojua hata rangi ya sindano ya kroshia ambao mikono yao hufa ganzi. Lakini aliye na mojawapo ya hali nilizotaja, kisha akafuma saa nne mfululizo mkono ukiwa umepinda, anajitafutia.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Upande wa mbele wa mto wetu una mistari 64, na kila mstari una mafundo 56. Hayo ni mafundo 3,584. Katika kila fundo sindano huvuta uzi mara mbili. Basi kabla ya kufikia vilele vya mlima, mkono wako utakuwa umevuta uzi mara 7,168. Ukizigawa kwa siku nane au tisa, mkono hautagutuka. Ukizimaliza kati ya Ijumaa jioni na Jumapili kwa sababu wageni wanakuja, usishangae Jumatatu ukiangusha kikombe.

Vifaa

Utahitaji sindano ya kroshia ya milimita 5, ile yenye kichwa kilichopinda kama ndoana. Wanaoanza hupenda sindano nyembamba wakidhani ndiyo ya kistadi. Sindano nyembamba hukulazimu ubane vidole kwa nguvu, na kubana huko ndiko huchosha mkono kuliko mwendo wenyewe. Ikiwa mpini ni wa chuma kitupu, uviringishie kitambaa mpaka unene uwe kama wa kalamu nono. Mama yule hutumia kipande cha mpira wa baiskeli.

Nunua uzi wa unene wa kati, ule wa kufumia sweta, katika rangi saba: kijani kibichi, kijani cha giza, kijani cha manjano, kahawia, samawati, kijivu na nyeupe. Gramu 50 za kila rangi zitatosha na kubaki, ila samawati nunua gramu 100 kwa kuwa anga ni kubwa. Usinunue uzi mweusi hata ukiupenda. Mafundo meusi hayaonekani usiku chini ya taa ya sebuleni, na utajikuta umeinama mpaka pua inakaribia sindano.

Hapo nitoe neno kwa waliofika umri wangu. Ukiona unausogeza uzi mbali ili uuone vizuri, mikono yako haijawa mifupi. Macho yamehitaji miwani ya kusomea. Nimewatibu watu maumivu ya shingo kwa miezi, kumbe dawa ilikuwa miwani.

Kaa kwenye kiti chenye kuegemea mgongo, nyayo zifike chini. Weka mto wa kawaida mapajani na uegemeze mikono juu yake, ili kazi ije usoni badala ya uso kuifuata kazi. Mabega yashuke. Kifundo cha mkono kiwe kimenyooka, kama vile unampa mtu mkono wa salamu. Ukikiona kimekunjwa kuelekea ndani, simama, nyosha, anza tena.

Fundo fupi

Kwa asiyewahi kufuma, fundo moja tu latosha kwa mto huu wote. Funga kitanzi chepesi kwenye sindano. Nasa uzi kwa ndoana, uuvute upite ndani ya kitanzi. Umepata kiungo kimoja cha mnyororo. Endelea hivyo mpaka viungo vifike 57.

Sasa ruka kiungo kilicho karibu na sindano, uingize ndoana katika kile cha pili. Nasa uzi, uuvute utokeze. Sindano ina vitanzi viwili. Nasa uzi tena, uuvute upite katika vyote viwili kwa pamoja. Hilo ndilo fundo fupi. Fanya hivyo katika kila kiungo na utakuwa na mafundo 56. Fuma kiungo kimoja cha mnyororo, geuza kazi, urudi ulikotoka ukiingiza ndoana chini ya nyuzi zote mbili za juu za kila fundo.

Fundo likikataa kuingilika, maana yake unavuta uzi mno. Hili ni kosa la karibu kila mwanafunzi, na ndilo baya zaidi kwa mkono. Legeza uzi. Kabla ya kuanza mto, fuma kipande kidogo cha mafundo 14 kwa mistari 16, ukipime. Kikiwa sentimita 10 kwa 10, mto utakuwa wa sentimita 40 kila upande. Kikiwa kidogo kuliko hapo, usijilazimishe kulegeza kwa nguvu za akili. Badilisha sindano, chukua ya milimita 5.5 au 6.

Ukanda kwa ukanda

Mistari 8 ya kwanza ni mashamba, kwa kijani kibichi. Upande wa Embu, Kirinyaga na Meru hayo ni majani chai. Mzaliwa wa Timau ataniambia kwamba kwao chini ya mlima ni ngano, na ana haki. Atumie rangi ya dhahabu. Mimi hutumia dakika kama 4 kwa mstari, kwa hivyo mistari 8 ni nusu saa hivi. Anayeanza atatumia zaidi, basi na afume mistari 4 asubuhi na 4 jioni.

Ukimaliza, simama. Kunja ngumi polepole, ifungue, tanua vidole kama miale ya jua, mara tano. Inua mabega mpaka masikioni uyaache yaanguke. Tazama kitu kilicho mbali nje ya dirisha. Kisha nenda ukafanye jambo jingine, lakini si kuchukua simu, kwani simu huchosha kidole gumba kile kile.

Mstari wa 9 hadi wa 16 ni msitu, kwa kijani cha giza. Kubadilisha rangi ni rahisi: katika fundo la mwisho la mstari, vitanzi vikiwa viwili, acha uzi wa zamani na uvute uzi mpya upite. Acha mkia wa sentimita 15 wa kila uzi, utaufichia nyuma baadaye.

Mstari wa 17 hadi wa 22 ni mianzi, kwa kijani cha manjano. Ukanda huu ni mwembamba, mistari 6 tu, na upande wa kaskazini wa mlima ambako mvua ni haba mianzi karibu haipo kabisa. Mwenye mikono iliyochoka aufanye uwe siku yake ya kupumzika nusu.

Mstari wa 23 hadi wa 30 ni nyika ya baridi, kwa kahawia. Hapo ndipo penye vichaka vifupi, nyasi ngumu na ile mimea ya lobelia mirefu kama watu waliosimama ukunguni. Ukitaka kuionyesha, chukua uzi wa kijani na sindano ya kushonea, uweke mishono michache ya wima baada ya kumaliza.

Anga ndiyo yenye hatari

Kutoka mstari wa 31 hadi wa 64 ni anga, na hapa ndipo mama yule alipoharibu mto wake wa kwanza, na karibu aharibu mkono tena. Mistari 34 ya rangi moja haina kituo. Hakuna kinachokuambia simama. Mtu husema "mstari mmoja tu", na anapotazama saa ni usiku wa manane, shingo imekauka na vidole vinachomachoma. Nimewauliza wafumaji wengi maumivu yao yalianza lini, na mara nyingi jibu ni lile lile: katika kazi kubwa ya rangi moja, blanketi la harusi au shali nyeupe ya kanisa.

Dawa yake ilikuwa mawingu. Fuma mistari 8 ya samawati, kisha mstari mmoja wa nyeupe ambao ni wa 39. Mistari 8 mingine, kisha nyeupe katika wa 48. Mistari 8 tena, nyeupe katika wa 57. Malizia kwa mistari 7 ya samawati. Mlima wenyewe haupingani na jambo hilo, kwani aghalabu hujifunika mawingu kabla ya adhuhuri, na aliyeamka akachelewa hauoni.

Kengele ya saa pia ni nzuri, nami huwapendekezea wagonjwa. Lakini nimegundua kwamba watu huizima. Uzi mpya huwezi kuuzima. Lazima uweke sindano chini ili uutafute.

Vilele

Vilele hufumwa kando, kisha hushonwa juu ya anga. Batian ina urefu wa mita 5,199 na Nelion mita 5,188. Tofauti ni mita 11 tu, kwa hivyo usifanye kimoja kiwe mjukuu wa kingine.

Kwa Batian, fuma mnyororo wa viungo 29 kwa uzi wa kijivu, upate mafundo 28. Kuanzia mstari wa pili, ruka fundo la kwanza la kila mstari. Kila mstari utapungua fundo moja, mara upande huu mara upande ule, mpaka libaki fundo moja juu. Kingo zitakuwa na vidato kama miamba, na hivyo ndivyo inavyofaa. Kwa Nelion anza na mafundo 26. Kilele cha tatu, Lenana, ambacho wapandaji wa kawaida hukifikia bila kamba kikiwa mita 4,985, anza na mafundo 16.

Katika Batian na Nelion, mistari ya mwisho iwe nyeupe. Mama yule aliweka mistari 12 ya theluji, akaniambia ndivyo alivyouona mlima akiwa msichana. Mimi niliweka 8. Barafu ya mlima huo imekuwa ikipungua tangu karne iliyopita, na mjukuu wake akifuma mto wake huenda asihitaji uzi mweupe ila wa mawingu.

Batian ina mafundo 406, Nelion 351 na Lenana 136. Kila kimoja ni kazi ya kikao kimoja. Shona Nelion kwanza, kisha Batian iifunike kidogo ubavuni, na Lenana pembeni, miguu yao ikigusa nyika ya kahawia.

Upande wa nyuma usifume. Kata kitambaa cha pamba au kitenge cha sentimita 43 kwa 43, kunja kingo, ushone pande tatu, ya nne uweke zipu. Mwalimu wa kroshia atanikasirikia, lakini mafundo mengine 3,584 ya rangi moja ni mengi mno kwa kitu ambacho hakuna atakayekiona. Zipu ina sababu yake. Nyumbani kwenye mtu mwenye pumu, mto uwe wa kuvuliwa na kufuliwa kila baada ya majuma machache, maana sufi hukusanya vumbi. Fua kwa maji baridi na uanike ukiwa umelala. Ukiutundika kwenye kamba, mlima utavutika.

Lini umwone daktari

Ganzi ya ugonjwa niliouelezea ina ramani yake. Hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kidole cha mwisho huachwa. Huzidi usiku, na mtu hupata nafuu akikung'uta mkono. Jaribu hivi: kutanisha migongo ya mikono yako mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, ukae hivyo dakika moja. Ganzi ikianza katika vidole nilivyotaja, shuku. Lakini jaribio hilo si hukumu. Huweza kukosea huku na huku, ndiyo sababu daktari hupima zaidi.

Ikiwa ganzi huja na kuondoka, punguza kufuma kwa majuma mawili na uvae usiku banzi la kushikilia kifundo kikiwa kimenyooka, linalouzwa katika maduka makubwa ya dawa. Nyoosha mkono, usiukaze banzi mpaka ukaacha alama. Wengi hupata nafuu kwa kulivaa majuma kama sita. Ganzi ikiwa haiondoki mchana, ukianza kuangusha vitu, kushindwa kufunga vifungo vya shati, au ukiona kile kilima cha chini ya kidole gumba kimepungua kikilinganishwa na cha mkono wa pili, usingoje majuma mawili wala moja.

Ganzi inayoshika vidole vyote vya mikono miwili, na hasa ikiwa ilianzia miguuni, si ya kufuma. Nenda ukapimwe sukari. Na ganzi au udhaifu wa ghafla wa mkono mmoja, pamoja na mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito, huenda ikawa kiharusi; hapo hatuzungumzi habari za uzi, mgonjwa afikishwe hospitalini saa hiyo hiyo.

Maumivu yaliyo chini ya kidole gumba, upande wa mkono, yanayochoma ukiinua kikombe au mtoto, ni jambo jingine: kano za kidole hicho zimevimba ndani ya ala yake. Nayo hutibika, na pumziko ndilo dawa ya kwanza.

Juu ya vidonge, niseme waziwazi. Ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zao hupunguza maumivu ya kano, lakini haziupanui mfereji unaoubana mshipa wa fahamu. Zikimezwa kwa miezi huweza kuchimba vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kudhuru figo, hasa kwa mzee au mwenye kisukari. Mama yule alipokuja kwangu presha yake ilikuwa imepanda kweli, kama jirani alivyobashiri, ila jirani hakujua kwamba huenda vidonge ndivyo vilivyochangia. Tulivisimamisha kwanza, ikashuka.

Banzi likishindwa, daktari aweza kudunga sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe karibu na kijia kile. Hiyo nayo ikishindwa, au misuli ikianza kupungua, hukatwa ule utando wa dari ili mshipa upate nafasi. Mkono hutiwa ganzi na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wagonjwa wangu huogopa neno kukatwa mshipa. Mshipa haukatwi, hukatwa kinachoubana.

Na swali ambalo kila mfumaji huniuliza kabla hata ya kuuliza gharama: atarudi lini kufuma? Vidole huanza kuchezeshwa siku zile zile za kwanza, vikombe na vijiko hushikwa baada ya muda mfupi, lakini kazi ya kuvuta na kubana husubiri majuma sita au zaidi, kwa ruhusa ya aliyepasua. Mwanzo uwe mistari miwili kwa siku, kwa sindano nene. Ukanda wa mianzi, kwa mpango huo, humalizika kwa siku tatu.